Mtahini Aliyemfelisha Mdogo Wake

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji, waheshimiwa madiwani, watahini wenzangu, wanafamilia, ndugu wageni waalikwa, na wewe dada yetu tunayekuaga: habari za mchana.

Nimeombwa nimsifu mtahini wetu mkuu wa udereva anayestaafu. Mwenyewe ameniomba nisimsifu. Basi nitasimulia jambo moja tu, kila mtu aondoke na hukumu yake.

Madereva wanamwita Mama Rudia, na wengi mliokaa humu mnajua kwa nini. Mheshimiwa Mwenyekiti, nadhani nawe unajua.

Mnamkumbuka mwendesha baiskeli aliyebeba trei za mayai, akapita taa nyekundu hapo nje na kumgonga fundi cherehani mstaafu. Mzee wa watu akavunjika nyonga. Baraza likauliza: je, wenye baiskeli nao wawe na leseni ndipo waruhusiwe barabarani? Mtahini wetu aliamini hivyo. Akaombwa atunge mtihani na kuujaribu uwanjani kwetu kwa watakaojitolea.

Wa kwanza kujitolea alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mkunga wa zahanati ya mlimani, anayewafuata wajawazito majumbani kwa baiskeli. Alipita kati ya mapipa vizuri, akafunga breki vizuri. Lakini kila alipotakiwa kuonyesha kwa mkono kwamba anakata kona, mkono haukunyooka.

"Dada, unaujua mkono huu. Tangu nianguke utotoni haunyooki."

"Naujua. Dereva wa lori aliye nyuma yako haujui."

Akamfelisha. Nilikuwepo, na sikuona uso wake ukibadilika.

Yalikuwa majaribio tu. Hakuna sheria iliyomkataza mkunga kupanda baiskeli. Lakini hawa ni watu wa nyumba moja, ukaidi wameugawana sawa. Mkunga akaiegemeza baiskeli ukutani, akawa anakwenda kwa miguu. Siku moja akaitwa kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa mikononi mwa jirani, na mama yake anavuja damu. Walimwahi. Yupo hai, na mtoto yupo.

Mkunga alikuja ofisini kwetu moja kwa moja, viatu vimejaa matope.

"Dada, sikuja kukulaumu," alisema. "Nimekuja ili ujue."

Kesho yake dada mtu aliiomba baiskeli ile, akaipanda hadi zahanati na kurudi, katika barabara isiyo na ukingo, malori yakimsukumia mtaroni. Alikuwa ametahini madereva maisha yake yote ya kazi. Nadhani siku hiyo ndiyo aliyoijua barabara kutoka nje ya kioo.

Kamati ya Baraza ilipokutana kulijadili suala hilo, alisimama akasema: "Leseni, hapana. Wapewe mafunzo ya bure kila Jumamosi, breki na kengele zikaguliwe, na njia ya pembeni ijengwe hadi mlimani."

Fundi cherehani alikuwepo, na mkongojo wake. "Na nyonga yangu je?" akauliza. "Aliyenigonga alikwenda zake, hana hata namba ya kumtambua. Mimi bado nataka leseni."

"Una haki, baba. Sina jibu la kukutosha. Njoo Jumamosi uwaambie wenyewe."

Je, hilo lilikuwa jibu? Sidhani. Lakini fundi alikwenda, na bado anakwenda. Huketi pembeni mwa uwanja akiwafokea wanaosahau kengele. Kura ya Baraza bado haijapigwa. Mimi binafsi naelekea upande wa fundi, na dada yetu analijua hilo, wala hatujawahi kunyimana chai kwa sababu yake. Alama za mkunga, kwa wanaotaka kujua, hazikubadilishwa. Nilipomshauri azifute, alinitazama akasema mkono bado haunyooki.

Ndugu wageni waalikwa, mnaona kiti kitupu pale mbele, kando ya dada yetu. Mkunga alikuwa amekikalia. Aliitwa kwa simu mlipokuwa mkikaribishwa, akatoka bila kuonja chakula. Nilimwona akilipita lango juu ya baiskeli ile ile, aliyoanza tena kuipanda dada yake alipomrudishia, na mtahini wetu amesimama dirishani, akimfuata kwa macho mpaka alipofika kwenye kona. Mkono ulitoka, ukaishia nusu. Lori lililokuwa nyuma likapunguza mwendo, akapita.

Dada yetu akarudi kuketi. Sikumuuliza amempa alama gani.

Nakushukuru, dada, kwa kazi yako. Nanyi nyote, asanteni kwa kunitegea masikio.