Kiganja Kilichojua Wanga

Dada yetu tuliyezoea kumwita Mama Kiganja anastaafu Ijumaa hii, baada ya kuitumikia karakana yetu miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike mimi kwa kuwa ndimi niliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote. Sikukataa, na sababu mtaiona.

Alianzia chumba cha wanga. Kwa mlioajiriwa juzi: pale wanga wa muhogo unanyunyiziwa maji, unafungiwa kwenye pipa la chuma, unapashwa moto, kisha unaachwa upoe humohumo. Baadaye unachanganywa na gliserini, ndipo unalainika na kuwa mifuko inayooza ardhini. Gliserini ikipungua, mfuko unavunjika kama biskuti. Ikizidi, unakung'ang'ania kama mtoto mwenye homa. Unyevu ulipimwa na mkono wa kulia wa Mama Kiganja. Alifumbata wanga, akafumba macho, akasema ongeza maji, au funga. Mashine ya kupimia ilikuwepo, ila ilikuwa na siku zake za kugoma. Yeye hakugoma.

Watu walikuwa wanaogopa kumpa mkono asubuhi. Akikushika tu anakuambia umelala na njaa, au umenuniana na mkeo. Na sisi vijana tukiharakisha kazi, alitutania kwamba wanga ni kama mkwe, ukimkimbiza anakuaibisha mbele za watu.

Mimi niliukimbiza. Siku hiyo meneja alikuwa analeta wageni, nami nilitaka waone wanga ukitoka mikononi mwangu. Pipa lilikuwa bado la moto. Dada alisema tungoje, akaenda kuchota gliserini. Nikaanza kulegeza skrubu za kifuniko. Aliporudi akanikuta, akanisukuma pembeni, na mvuke uliokuwa unanijia usoni ukampata yeye kwenye mkono ule wa kulia.

Meneja alipouliza nani kafungua, nikasema ni yeye. Alikuwa amekaa sakafuni pale pale, mkono ndani ya ndoo ya maji. Alinisikia.

Ngozi ilipona, ganzi haikuondoka. Akahamishiwa kukunja mifuko, na huko ndiko anakostaafia. Mimi nikapewa chumba cha wanga, leo mnaniita fundi. Hapa nilitakiwa nitaje mafanikio yake mengine. Yangekuwepo. Niliyakata mimi. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Na mvuke je?

Wiki iliyopita nilimpelekea wanga kwenye bakuli, nikamwambia nitaandika ukweli wote. Aliufumbata wanga kwa mkono ule ule, akafumba macho.

"Sijui, mdogo wangu," akasema. "Wewe unaonaje?"

Wanga ulikuwa unataka maji kidogo. Nilijua, kwa sababu alinifundisha yeye. Nikalichukua bakuli, nikarudi nalo chumba cha wanga.

Asante, dada, kwa uso huu mzima ninaounyoa kila asubuhi. Wenzangu wote wanakuombea pumziko jema, afya, na wajukuu wa kukuchosha. Mimi nakutakia mkono wako, na huo sina pa kuutoa.