Mtunga Sindano

"Mtoto asiyetulia darasani ana shetani au ana kiburi?" Jirani aliwahi kumuuliza hivyo Bi Mwamvita, mjane wa Mtoni, naye akamjibu kuwa Mungu ndiye ajuaye. Alhamisi moja, kwenye pantoni ya Kigamboni, mjane huyo alikaa karibu na mama aliyekuwa akimpeleka binti yake kwa mganga kwa sababu hiyohiyo.

"Mwalimu kamhamishia nyuma kabisa, anasumbua wenzake," alisema yule mama. "Na huko nyuma katulia?" akauliza muuza vitumbua aliyekaa naye. "Kazidi." "Basi mpime macho, shoga. Wangu hatulii hadi leo, ila tangu avae miwani, ubao anausoma." "Huyu macho yake mazima, ndiye anayenitungia sindano." "Sindano iko puani, dada. Ubao uko ukutani."

Bi Mwamvita alipunguza mwendo wa tasbihi, asipitwe na neno.

"Na hiyo miwani, nani atamuoa?" akauliza mama. "Bila miwani hatamwona hata huyo mchumba akija."

Binti alicheka, mama hakucheka. Muuza vitumbua akamgeukia mtoto. "Mwanangu, yule aliyesimama pale gatini ni mwanamume au mwanamke?"

Binti akafinya macho. "Kwani pale kuna mtu?"

Mlango wa pantoni ulishushwa. Mama akamshika binti mkono, akashuka naye, akiuliza hospitali ya macho iko wapi.