Mama Hadidja na Saa ya Kifuani

Ijumaa, tarehe 26 mwezi wa tisa 2025, Mama Hadidja binti Mohamadi anavua koti jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na moja. Katika Kliniki Sikio Jema, hapa Makiso, Kisangani, hakuna mfanyakazi aliyeingia kazini kabla yake. Sote tulimkuta, na sasa yeye ndiye anayetuacha. Mkurugenzi wetu, Dokta Larissa, amenipa mimi, Édouard wa mapokezi, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa kuwa dirisha langu linapakana na chumba chake. Nimekubali kwa furaha, na kwa wivu pia. Nilimuuliza Dokta kama neno hilo linafaa kwenye jarida la wafanyakazi. Akanijibu niliache libaki, kwani kila mtu analijua.

Mama Hadidja ni mtoto wa Kisangani, wa ukoo wa Kiislamu ulioishi mjini tangu enzi za babu wa babu. Baba yake, Papa Mohamadi, alikuwa fundi cherehani. Binti alipokubaliwa shule ya uuguzi, aliambiwa aje na saa yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabia mapigo ya moyo. Baba akamnunulia moja kwa mtawa mzungu aliyekuwa anarudi kwao: saa ya chuma ya kutia ufunguo, inayobandikwa kifuani kwa pini, ikining'inia kichwa chini ili mwenye kuivaa aisome kwa kuinamisha kichwa. Wanafunzi wenzake walizitazama saa zao. Yeye aliisikiliza ya kwake. Anasema usiku ule wa kwanza aliiweka chini ya mto, na asubuhi akawa na rafiki.

Kisha saa za betri zikaja, nyepesi na rahisi, na mji mzima ukaacha kutia ufunguo. Watu walizitupa saa zao za zamani kwenye makopo pamoja na misumari. Mama Hadidja alizipokea zote alizopewa, akazipeleka kwa Papa Daudi, fundi saa wa karibu na soko. Nilimkuta Papa Daudi mwaka huu nikamwuliza habari za mteja wake. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Bon, wateja wengine wanaulizaka kama saa iko nasema ukweli," aliniambia. "Mama Hadidja iko nauliza kama inaimba. Siku moja nilimutengenezea moja vizuri kabisa, akairudisha. Ati nimeiharibu, zamani ilikuwa na kikohozi kizuri."

Hiyo ndiyo starehe yake, na hakuwahi kuificha. Wakati wa chai ya saa nne, sisi wengine tukigombania mikate, yeye alifungua droo, akachagua saa moja na kuilaza kwenye sahani ya bati. Sahani huikuza sauti. Sara, muuguzi mwenzake, alivuta kiti, na wote wawili wakainamisha vichwa kama watu wanaosubiri sufuria ichemke. Kila saa ilikuwa na sifa yake. Moja ilikuwa kuku anayedonoa mchele. Nyingine ilikuwa mwanamke mwenye haraka, viatu vyake vikigonga sementi. Ipo iliyochechemea: ta-tá, ta-tá, na hiyo ndiyo iliyowachekesha zaidi. Mlinzi wetu Yannick aliacha geti ili aje kusikiliza. Hata wagonjwa waliokwisha kupona walipita kusalimia, wakasogeza sikio kidogo, wakaenda zao wakitabasamu.

Mimi nilikaa dirishani na chai yangu, nikatabasamu pale walipotabasamu. Ndani nilikuwa naungua. Nimewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya shati, kwa sababu ya pikipiki, na ujanani kwa sababu ya mchumba. Hakuna uliofikia wivu wa kumwona mwanamke mzima amefumba macho juu ya sahani ya bati, uso wake umelainika kama wa mtu aliyekula akashiba.

Sikuwa peke yangu. Mume wake, Papa Aboubakar, aliyefanya kazi ya mizigo kule uwanja wa ndege wa Bangboka, alitushtakia mke wake mbele ya kliniki nzima siku ya sherehe ya mwaka mpya.

"Ninyi munamusifu masikio," alisema. "Mimi nikikoroma, hasikii. Ndege ikipita juu ya nyumba, hasikii. Lakini ile saa ikinyamaza tu, anaamuka, anauliza kuko nini! Nimeoa mwanamuke, kumbe yeye ameolewa na saa."

"Saa hainiulizaka chakula," Mama Hadidja akamjibu, na Papa Aboubakar akashindwa kesi yake.

Msifikiri kwamba saa ilimkalisha bure. Ndiyo iliyokuwa hatua ya kwanza ya kazi yake. Kabla mgonjwa hajafika kwenye mashine ya Dokta Larissa, Mama Hadidja humkalisha chini, humfunika macho asidanganye, na huisogeza saa polepole kutoka mbali mpaka sikioni. Mgonjwa huinua kidole akiisikia. Yeye na Dokta wameelewana siku zote: saa hubisha hodi, mashine huingia ndani.

Hapo ndipo alipogundua shida ya mtoto wa Yangambi, kule kando ya mto. Baba yake alimleta kwa mtumbwi wa injini, msichana wa darasa la kwanza ambaye mwalimu alimwita mkaidi. Sikio la kushoto lilisikia saa. La kulia halikusikia kitu. Mama Hadidja akalimulika, akacheka, akamwita Dokta, na baada ya muda mfupi ikatoka punje ya mahindi iliyokwisha kuota kijimzizi. Akairudisha saa pale pale. Mtoto alikodoa macho.

"Iko na kitu ndani!" alipiga kelele. "Iko nakula!"

Hakutaka kuirudisha. Baba alimbembeleza, akamtisha, akamwahidi biskuti. Mama Hadidja aliketi naye sakafuni, wakaisikiliza pamoja mpaka mtoto mwenyewe akachoka. Nami dirishani, mtu mzima mwenye watoto, nilimwonea wivu msichana asiye na meno ya mbele.

Na alikuwapo mwuza samaki wa sokoni, jina lake Binti. Masikio yake yalivuma tangu mabomu ya vita vya mwaka elfu mbili yalipoangukia mji wetu, na dawa hazikumsaidia. Mama Hadidja alimwazima mojawapo ya saa za droo, aiweke kitandani, apate kitu cha kufuata badala ya mvumo ule. Binti alirudi akiwa amelala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Alimletea samaki mkubwa, na tukamla sote. Ile saa Mama Hadidja hakuidai tena.

Sasa lazima nieleze kwa nini wivu wangu ulikuwa mkali hivyo. Nilizaliwa Kindu, na utotoni masikio yangu yalitoka usaha mvua na kiangazi. Usaha ulikauka, lakini sauti ndogo ndogo hazikurudi. Nilijifunza kusoma midomo. Nilipopata kazi hapa sikumwambia mtu, kwani nani atamwacha mpokezi asiyesikia akae mlangoni mwa kliniki ya masikio? Kila walipotuita wafanyakazi tupimwe, nilikuwa na mgonjwa wa kuandikisha. Wagonjwa walikuwa na lalamiko moja tu juu yangu, nalo liliwafurahisha wote: kliniki imejaa viziwi, na mpokezi ananong'ona. Sauti ya ile saa, iliyompendeza kila aliyepita mlangoni, mimi sikuwahi kuisikia hata mara moja.

Mwanzoni mwa mwaka huu Dokta Larissa alitangaza kwamba Mama Hadidja atastaafu. Kuanzia siku hiyo watu walianza kuizungukia saa ya kifuani. Sara alimletea vitumbua. Yannick alikumbuka ghafla kwamba ukoo wake na ule wa Papa Aboubakar ni majirani. Kila mmoja alijiona ndiye mrithi. Asubuhi moja, Sara aliiweka ile saa sikioni, akamnong'oneza Mama Hadidja kitu, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilisimama dirishani na faili za wagonjwa mkononi, na maneno yakanitoka kabla sijayakamata.

"Lakini hii saa iko nasema nini, mpaka watu wakubwa wanacheka kama watoto? Mimi sisikiaka kitu!"

Kicheko kikakatika. Sara alinitazama, halafu akamtazama Mama Hadidja. Mama Hadidja akamwomba Sara aende kuwatuliza wagonjwa, akafunga mlango, akanionyesha kile kiti ambacho nimewaelekeza watu maelfu wakikalie.

"Ikala, papa Édouard."

"Niko na watu wanangoja, mama."

"Wangoje. Mimi nimekungoja kuwapita."

Nikaketi. Nilidhani atashangaa, lakini alivuta kiti chake polepole, kama mtu aliyekwisha kupanga siku hii.

"Nilijua zamani," alisema. "Mutu mwenye kusema chini chini hivi, sauti yake mwenyewe inamujaa mu kichwa. Ya wengine njo haipiti. Na wewe unaniangaliaka midomo. Mwanzo nilifikiri unanitongoza."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. "Mbona hukusema?"

"Sikio iko ya mwenyewe. Nilingoja uniletee."

"Dokta atanifukuza."

"Juu ya nini? Wagonjwa wetu wote hawasikii, na wewe njo unawaelewa kupita mutu yeyote. Bon, funga macho."

Aliileta saa sikio la kulia. Sikusikia kitu. La kushoto, sikusikia kitu. Nilijua itakuwa hivyo. Kisha akaigandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na hapo kitu kikagusa, kidogo sana, kama mtu aliyeko upande wa pili wa ukuta. Nikafumbua macho. Yeye alikuwa ameshaitoa na anaifuta kwa pamba yenye alikoli, kwa utaratibu, mbele na nyuma na pete yake ya kuning'inizia.

"Sasa uma," alisema.

"Niume nini?"

"Saa. Ushike hii pete na meno. Usivunje, baba alinilipia."

Nikaiuma. Namshukuru Mungu kwamba mlango ulikuwa umefungwa. Sauti haikuja kutoka popote. Ilianza ndani yangu, katikati ya kichwa, safi na kavu, kama mtu anayevunja karanga kwa meno moja baada ya nyingine na hana mpango wa kuacha. Si kuku, si viatu vya mwanamke. Hao walikuwa wa Sara. Mimi nilikuwa na mla karanga wangu. Nilicheka na saa mdomoni, mate yakanitoka, machozi nayo yakafuata, na Mama Hadidja akanipa pamba ile ile ya kufutia.

"Toa sasa," alisema baada ya muda.

Nilitikisa kichwa. Nilielewa kabisa akili ya yule mtoto wa Yangambi.

Alinieleza kwamba mfupa ukisikia, mzizi wa sikio uko hai, na kilichoharibika ni ngozi ya ngoma ya sikio tu, ambayo Dokta anaweza kuishona. Alinishika mkono akanivusha ukumbi mbele ya wagonjwa wote. Dokta Larissa hakunifukuza. Alinikaripia kwa miaka niliyoipoteza, na mwezi wa sita akanipasua sikio la kushoto. Nililala na bandeji kama kilemba, na Papa Aboubakar alikuja kunitazama, akasema sasa tumekuwa ndugu katika dini ya saa.

Wiki iliyopita tulimwandalia Mama Hadidja chakula: pondu ya majani ya muhogo, samaki wa kuchoma, mkate wa muhogo wa kwanga, na hotuba ambazo sikuzifuata zote, ila nilizifuata nyingi kuliko zamani. Mwishoni Yannick alishindwa kuvumilia, akauliza mbele ya watu saa itabaki na nani. Sara aliweka kijiko chini. Nami nakiri nilinyoosha kola.

Mama Hadidja alitutazama kwa mshangao wa kweli.

"Ninyi mulifikiri nitaacha saa yangu?" alisema. "Koti njo ya kliniki. Kalamu iko ya kliniki. Saa iko ya Hadidja! Sasa njo nitapata nafasi ya kuisikia vizuri, bila ninyi kunikoholea. Mwenye hamu, alete masikio yake kwangu nyumbani. Viti viko."

Watu walipiga makofi na miguu. Aliyepiga sana ni Papa Aboubakar, ingawa nadhani yeye ndiye aliyepata hasara.

Kabla hatujatawanyika aliniita pembeni, mbali na kelele, akaishika saa karibu na sikio langu lililoshonwa. Nikaisikia. Haikupita kwenye mfupa wala kwenye meno. Ilipita hewani, kama inavyowafikia watu wote. Ilikuwa nyembamba, mbali, lakini ipo. Nikainua kidole kama mgonjwa mwema. Akaisogeza nyuma kidogo, nikaipoteza, nikashusha kidole. Yeye aliendelea kuisogeza, akanyoosha mkono wote mpaka mwisho, na macho yake yakaanza kufumba, uso ukalainika. Alikuwa bado anaisikia, mwanamke wa miaka sitini na mitano, huku mimi nimeachwa nyuma na ukimya wangu. Basi nikamwonea wivu upya, wivu mpya kabisa, na nikafurahi kuwa nao.

Mama Hadidja, kliniki nzima inakushukuru kwa kila sikio ulilolibishia hodi, na mimi nakushukuru kwa langu. Mungu akupe afya, usingizi na majirani wasiopiga kelele. Nenda ukasikilize mpaka ushibe. Jumapili nitafika, tafadhali uniwekee kiti cha karibu kuliko cha Sara.