Kila Mtu na Mgeni Wake

Katika basi dogo la kwenda mji wa Halab, Umm Wadia, mjane, alimwomba Mungu amfikishe kabla ya adhuhuri, dada yake asizikwe bila yeye kumbusu paji la uso. Mbele yake wanaume wawili wasiojuana walibishana.

"Warusi walituokoa, haji," alisema yule mnene.

"Waliokoa bandari yao ya kivita kwenye pwani yetu," alijibu yule mwembamba.

"Na Wamarekani wako, waliokalia visima vya mafuta, walikuja kuswali?"

Umm Wadia aliona kila mmoja amejichagulia mwizi wa kumsifu.

Kwenye kizuizi askari mgeni alisema maneno ambayo wajuzi hao wawili hawakuyaelewa. Dereva, aliyezoea vizuizi hivyo, akazima injini. "Tusubiri msafara upite."

"Msafara wa nani?" akauliza Umm Wadia.

Hakuna aliyejua. Adhana ya adhuhuri ikaanza.