Begi Lisilotoka Mlangoni

Ndugu zetu mliofika, majirani wa mtaa huu, wenzake wa kamera na taa, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, na kabla walioketi nyuma hawajaanza kunong'onezana, ndiyo, ni mimi, mke wa mtu aliyekuwa mume wake, fundi cherehani wa nyumba hii, na nimesimama hapa kwa idhini ya kaka yake mkubwa, mwalimu mstaafu aliyeketi pale mbele, ambaye kwa kawaida kazi hii ingekuwa yake. Kwa nini amenipa mimi, nitafika huko kwa mpangilio, kwa hiyo naomba mtulie, maana marehemu hakupenda mtu aulize mwisho wa filamu wakati wengine bado wanatafuta viti.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba akifua na mama akipiga pasi. Mzee dobi aliujua mtaa mzima kwa nguo, shati la nani limeanza kuja katika kapu la nani, nani amehama na nani amerudi kimyakimya, na aliwafundisha wanawe kwamba ya kapuni hubaki kapuni, somo ambalo wanne walilishika lote na huyu akalishika nusu, kwa sababu kusengenya hakusengenya hata siku moja, ila alikua akijua kwamba familia za watu haziko kama zinavyosimuliwa sebuleni, na hakuona kwa nini hilo liwe aibu.

Alianza darasa la kwanza Januari 1964, katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1970, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne, Novemba 1974, ambako hesabu zilimshinda, tusifichane, na insha zikamwokoa. Kaka yake huyu mwalimu ndiye aliyekuwa akimfundisha hesabu jioni mezani kwa mama, na hadi leo anasema kichwa kilikuwapo, tena kizuri, tatizo ni kwamba mwanafunzi wake hakukubali swali liwe na jibu moja.

Mwaka 1975 aliajiriwa kukata tiketi mlangoni mwa ukumbi wa sinema, mwaka 1979 akapanda ngazi hadi chumba cha projekta, akawa mwanamke wa kwanza pale kuendesha mashine ile, na ukumbi ulipofungwa mwaka 1988 ukageuzwa ghala la magodoro, wenzake wakalia, yeye akaenda kutafuta kamera ya video na kuanza kupiga picha za harusi. Jina la Mama Tena alilipata huko, kwani bwana na bibi harusi waliingia ukumbini, yeye akasema tena, nao wakatoka wakaingia upya, keki ikakatwa, akasema tena, na kuna baba mkwe mmoja aliyelia kwa uchungu wa kumtoa binti yake, akaombwa alie tena kwa sababu mara ya kwanza mpishi alipita mbele ya kamera, na mzee wa watu akalia, tena vizuri kuliko mwanzo.

Tarehe 12 Novemba 1983 alifunga ndoa na fundi seremala, huyu baba watoto mnayemwona ameinamisha kichwa, wakajaliwa binti mwaka 1984 na mvulana mwaka 1987. Ndoa hiyo ilifikia mwisho Juni 1991, bila ngumi wala matusi, mmoja akiwa barabarani na kamera kila mwisho wa juma, mwingine akisubiri chakula kwenye meza aliyoichonga mwenyewe, hadi siku moja wakatazamana wakakuta wamebaki watu wawili wema waliochoshana. Aliondoka na begi moja, watoto wakabaki kwa baba yao kwa sababu ya shule, na mwaka 1993 mimi nikaolewa katika nyumba hiyohiyo, nikalala chini ya dari ambalo yeye ndiye aliyechagua rangi yake, na mwaka 1995 nikapata binti yangu.

Sasa hapa ndipo watu walipoanza kutushangaa, na wengine hawajaacha. Mwaka 1996 alikuja mlangoni kwangu, amebeba kitambaa cha kijani, akaniomba nimshonee mwigizaji wake gauni, akanitajia vipimo, kifua, kiuno, urefu, nami nikaviandika kwa chaki huku moyoni nikisema hee, huyu mwanamke ana umbo kama langu. Nilipomaliza akaniambia nilivae. Alikuwa anatengeneza filamu ya kwanza ya maisha yake, kuhusu mwanamke anayeondoka kwa mumewe, yaani yeye, katika nyumba ileile, yaani kwangu, na aliyemtaka aigize kama yeye ni mimi, kwa sababu, alisema, waigizaji anao wengi lakini hakuna hata mmoja anayejua jinsi mlango ule unavyosugua sakafu. Nilimwambia ana wazimu. Akasema anajua, akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi.

Nilikubali, na sitawadanganya, nilikubali kwa wivu, nikitaka nimwone kwa karibu mtu ambaye mume wangu bado alimtaja kila alipotafuta nyundo. Tulipofika kwenye tukio la kuondoka, nilitakiwa nichukue begi chumbani, nipite sebuleni, nitoke mlangoni, basi, kazi ya mtoto mdogo. Nikalinyanyua nikalikuta zito. Nilidhani amelijaza magazeti, nikalifungua, kumbe zilikuwa nguo zake mwenyewe, zilezile alizoondoka nazo mwaka 1991, zimekunjwa, na juu yake kuna sweta la mtoto, la huyu mvulana, ambalo siku ile alilichukua kwa haraka akidhani ni lake. Wallahi sikuweza kutoka. Kamera inaendelea, mimi nimepiga magoti na lile gauni la kijani, nikafungua kabati na kuanza kuzirudisha nguo za mke mwenzangu moja baada ya nyingine, nikazitundika kando ya zangu, na yule mwanamke ambaye maisha yake yote alisema tena, siku hiyo hakusema.

Picha ya tukio hilo inatikisika kidogo. Baadaye, filamu ilipopelekwa kwenye tamasha nchi za mbali, mabwana wa miwani walimuuliza mtikisiko ule una maana gani, kama ni nyumba inayoyumba au ni jamii, naye akawajibu kwamba alikuwa analia.

Lakini kabla ya tamasha palikuwa na mtihani. Mwenye kampuni moja ya kusambaza kanda aliitazama, akaipenda, akataka kuinunua kwa sharti kwamba mwisho ubadilishwe, mke wa zamani na mke mpya wapigane, japo vibao viwili, kwa kuwa watu hawaendi kutazama wanawake wakikunja nguo. Mama Tena alikuwa na watoto wa kulea na taa za kuazima, asingelaumiwa, lakini aliikwapua kanda yake mezani, akasema ahsante kwa chai, akatoka. Ndugu zangu, sisi tuliokuwa ndani ya filamu ile tunajua alituokoa na nini, kwa sababu lau angekubali, watoto wetu wangekua wakitutazama tunapigana maisha yao yote.

Filamu hiyo, aliyoiita Kabati, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Agosti 1997, katika ukumbi wa chama cha madereva, viti vikajaa, na katikati ya onyesho kaka yake mkubwa alisimama akatoka nje. Mtoto wa dobi anafua nguo chafu mbele ya watu, ndivyo alivyosema pale mlangoni, na baada ya hapo akakaa miaka tisa bila kumsemesha, kisha salamu zikarudi ila mazungumzo hayakurudi. Nasema haya mbele yake kwa ruhusa yake, aliniambia nisiruke kitu.

Machi 1998 alihamia vyumba vya uani nyumbani kwetu, na tafadhali tuelewane, hakurudi kwa mume, alirudi nyumbani, na hayo ni mambo mawili. Chumba kimoja akalala, kingine akakifanya cha kuhariri filamu, na watoto wote watatu wakalelewa na sufuria moja, yeye wakimwita mama mkubwa na mimi mama mdogo, hata wale aliowazaa mwenyewe, kwa kuwa watu wazima tulikuwa bado tunahangaika tutaitana nani wakati wao walishamaliza. Waliomuuliza baba watoto anawezaje wanawake wawili aliwajibu kwamba hawawezi, yeye huambiwa tu chakula ni saa ngapi. Ni yeye aliyechonga milango na vitanda vya filamu zote zilizofuata, ikiwamo ile ya mjane na mama mkwe waliokataa kutenganishwa na ndugu wa marehemu, ile ya kijana mwenye baba wawili, aliyemzaa na aliyemlea, wanaogombea nani asimame siku ya mahafali yake, na ile ya mwisho, ya mwaka 2015, ya wazee wawili waliooana wakiwa na meno machache na watoto wengi wenye hasira. Filamu tano kwa jumla, zote bila bwana wa kumwamuru, na waliokuwa wakituita watu wa ajabu wakaanza kugonga mlango bila hodi, wakimnong'oneza kwamba hata kwao mambo ni hivyohivyo, je, hawezi kuja na kamera. Tuzo aliyopewa iko juu ya friji, tunawekea funguo.

Agosti 2019 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, akaanza kusafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, na begi lile la filamu ndilo lililobeba kanga zake na blanketi lake, mimi nikilishika upande mmoja na mwanawe upande mwingine. Kila tulipofika, muuguzi wa zamu aliniuliza mimi ni nani wa mgonjwa, na marehemu alikuwa akinijibia kabla sijafungua mdomo, leo shangazi yake, kesho fundi wake, siku nyingine mlinzi wake, akicheka hadi mashine inapiga kelele. Mimi nilicheka naye, lakini lile swali lilinikaa rohoni, kwa sababu jibu lake sikuwa nalo, na nilijua ipo siku atakuwa amechoka kunijibia.

Siku ile ikafika. Tarehe 3 Februari 2023, asubuhi, alikuwa amezidiwa, daktari akasema aingie mtu mmoja tu, wa damu, na mtu wa damu aliyekuwapo, watoto wakiwa bado njiani, alikuwa kaka yake mkubwa, aliyekuja kwa fimbo na koti lake la ualimu. Muuguzi wa zamu, mgeni pale kitengoni, akanigeukia akaniuliza mimi ni nani wake. Nikabaki nimesimama na begi mkononi kama mtu anayesubiri basi. Ndipo mwalimu akaweka fimbo yake ukutani, akamwambia muuguzi kwamba huyu ni mdogo wetu wa kike, ndiye aingie yeye, kisha akaketi kwenye benchi la nje. Kaka, uliwahi kutoka ukumbini kwa ajili yangu, na siku hiyo ulibaki nje kwa ajili yangu, na nikitazama yote mawili nakuona wewe ni kaka hasa.

Niliingia, nikamshika mkono, akalitazama lile begi, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nitaweza kutoka nalo safari hii, nami nikamwambia aache utani. Alifariki saa tatu na robo, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliovumilia vicheko vyetu, majirani mliokesha nasi na kuleta viti bila kuombwa, wenzake wa kazi mliozima kamera zenu leo kwa heshima yake, ingawa yeye angewagombeza mziwashe, na wote ambao hatuwezi kuwataja mmoja mmoja.

Marehemu ameacha kaka wawili, baba wa watoto wake, watoto watatu, wawili wa tumbo lake na mmoja wa tumbo langu, wajukuu watano, filamu tano, na mdogo wake mmoja wa kike, ambaye ndiye anayesoma.

Dada yangu, jana nilirudi nyumbani na begi, nikalifungua, na nguo zako zote nimezitundika kabatini, kando ya zangu. Lala sasa kwa amani, Mama Tena, ulipata mara ya kwanza, hakuna haja ya kurudia.