Mbegu Zangu Zimo Kwenye Udongo Mkavu

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yeye aliyenivumilia. Nimekaa benchi la mwisho muda mrefu hata navifahamu visogo vyenu kuliko nyuso. Leo niacheni niwatazame usoni.

Nilikuwa mzee wa kanisa. Mwaka ule nilipanda mtama kabla ya mvua, kama tufanyavyo huku, mbegu zingoje kwenye udongo mkavu. Mvua ikanyesha mara moja, mtama ukachomoza, jua likaukausha wote. Tukaomba. Mvua haikurudi. Jirani yangu, ambaye ni mtani wangu, akapita akicheka: "Mzee wa kanisa, huyo Mungu wako kasafiri? Wenzako tunapeleka kondoo mweusi kwa mtu wa mvua. Lete na mbegu zitiwe dawa."

Ndugu zangu, nawaambia, sikusukumwa na mtu. Nilitoa kondoo. Nilipeleka mbegu. Mke wangu akagoma: "Nusu yangu ya shamba haiingii punje yenye dawa." Tukapanda upya, yeye huku, mimi kule.

Mvua ikaja. Mtani akapaza sauti toka kwake, "Umeona?" Niliona, kweli. Mvua ilinyesha pande zote mbili. Mtama wa mke wangu ulifika kifuani sawasawa na wangu. Nikasimama mpakani nikitazama huku na kule. Mungu hakuchelewa. Mimi ndiye niliyekimbia.

Nikaenda mwenyewe kwa wazee, nikasema yote. Nikatengwa na Meza ya Bwana. Ilikuwa haki. Kilichonichosha ni kungoja kurudishwa. Mchungaji akahamishwa. Aliyekuja akataka anijue kwanza. Kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena. Kila mliposogea mezani, mimi nilibaki na watoto wadogo. Mtani naye hakunyamaza: "Kanisa jipya pale barabarani utashika kikombe Jumapili hii hii. Huku unang'ang'ania nini?"

Asubuhi moja nilivaa viatu niende huko. Mke wangu alikuwa anapepeta mtama, hata kichwa hakuinua.

"Baba watoto, mvua ulishindwa kuingoja. Na msamaha nao unakwenda kuutafuta kwa mkato?"

Viatu vile vile vikanileta hapa, benchi la nyuma. Nikamwambia shetani: nitakaa mpaka benchi hili livunjike, sitoki.

Leo nimepokea mkate na divai ubavuni mwa mke wangu. Asanteni wazee mlionikemea bila kunidharau. Asanteni watoto wa benchi la nyuma mlionimegea karanga katikati ya mahubiri. Wazazi, msiwachape. Na wewe mama watoto, uliyeacha kiti chako cha kwaya ukaja kukaa nami kule nyuma, sina la kukulipa.

Nawaomba kitu kimoja. Msimngoje Mungu kama nilivyomngoja mimi, jicho moja mbinguni, jingine kwenye zizi la kondoo.

Mwaka huu mvua imechelewa tena, mnaona wenyewe. Juzi mtani kapita kukusanya michango ya kondoo. Nikamwambia, "Kwangu ruka."

"Na ikigoma kabisa, mzee?"

"Ikigoma, nitamlilia Mungu huyu huyu."

Mbegu zangu zimo kwenye udongo mkavu, hazina dawa. Anayetaka kunicheka apite tu, njia iko kando ya shamba. Atanikuta nipo.