Homoni Zimefungiwa Njia

Kijiwe chao ni benchi la miguu mitatu na tofali moja, mbele ya karakana ya Fundi Friji, na siku zote yeye ndiye mwenye mdomo kuliko wote. Leo alikuwa kimya, kahawa imempoa mkononi. Mkewe alishakatwa titi, na sasa ana kidonge cha kila siku cha kuzuia homoni ili saratani isirudi. Hedhi imepotea, joto linampanda mpaka nguo zinalowa, na juzi picha ya tumbo imeonyesha uvimbe wa maji kwenye ovari. Daktari kasema uvimbe wataufuatilia, dawa asiache. Mke kasema hamezi tena.

— Homoni zimefungiwa njia, — akaanza Kinyozi, ambaye akimaliza kunyoa kichwa hukitibu. — Sasa ziende wapi? Zimeegesha kwenye ovari. Foleni hiyo.

— Foleni gani, — Dereva Mstaafu akamkata. — Apewe dawa ya kuharisha, zitoke zote.

— Homoni zitoke kwa kuharisha?

— Wewe umeshaziona zikitokea kwingine?

Fundi akacheka kidogo.

— Shemeji yenu anataka mtoto, — akasema. — Ananiambia, “Titi nimewapa. Na huku nako wanataka?”

Kinyozi, asiyeweza kuvumilia kimya, akajitosa:

— Basi meza wewe, ndugu yangu. Mke na mume damu zimeshazoeana. Dawa itafika tu.

— Itafika kwa miguu? — Dereva akauliza. — Mimi nasema alale mbali na friji. Gesi ile ndiyo inayojaza uvimbe.

— Ni maji, si gesi.

— Gesi ikipoa inakuwa nini? Muulize mwenyewe, si ndiye fundi.

Mama mmoja alikuwa amesimama pembeni na feni yake mbovu, akisubiri wamalize. Akaiweka chini.

— Samahanini, kaka zangu. Leo amemeza?

Kinyozi akamtazama Dereva. Dereva akamtazama Fundi.

Asubuhi Fundi alimwacha mkewe amekaa kitandani, amempa mgongo, paketi ya vidonge juu ya stuli. Angeweza kuuliza. Alishika viatu mkononi, akatoka kwa kunyata, akafika kijiweni kahawa haijachemka.

— Hebu niione hiyo feni, — akasema.